Sikukuu Haiji Kila Jumamosi

Kupunguza uzito ukiwa Rubya, wilayani Muleba mkoani Kagera, mwezi wa Desemba kunahitaji moyo. Senene wameanza kuanguka tangu Novemba, mabasi kutoka Dar es Salaam na Mwanza yanashusha ndugu pale Muleba, na karibu kila kibanja kuna mtu anamenya ndizi za watu wengi kuliko walio ndani ya nyumba. Katikati ya neema hiyo yumo mtu mmoja aliyepimwa sukari na shinikizo la damu, akaambiwa apunguze kilo. Kwa miaka ya karibuni mtu huyo nimekuwa mimi. Wala siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Ushauri sijaukosa. Vijana wa jimu mjini Bukoba wananiambia nijibane siku sita, ya saba nijiachie: nile chipsi, ninywe bia, nimalizie na keki, kisha kesho yake nirudi kwenye mstari. Bila siku hiyo, wanasema, mtu huchoka na kuacha kabisa. Wengine, hasa waliokwisha kupungua, wananionya nisithubutu, maana ulimi ukishaonja hauna breki. Nimezipima hoja zote mbili na msimamo wangu ni huu: sikukuu naila, siku ya kujiachia ya kila wiki nimeikataa. Kwenye sahani zinaweza kufanana. Katika maisha ya mtu hazifanani hata kidogo.

Nianze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Mtu anayepunguza chakula chake kwa kalori 500 kwa siku, kiwango ambacho wengi hukimudu bila kuzimia kwa njaa, kwa siku sita amepunguza kalori 3,000. Sasa ije Jumamosi. Bia nne za nusu lita zinakaribia kalori 800. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai. Kila kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na anayekaanga chipsi mayai hapimi kwa kijiko. Ongeza mishikaki, ongeza keki, ongeza na mlo wa usiku ambao hukuupanga, kwa sababu pombe nayo huamsha hamu ya kula. Si ajabu jioni moja kama hiyo ikafuta kazi ya siku nne, na siku nzima ya namna hiyo ikafuta wiki. Mwisho wa mwezi mtu anapanda mizani, namba haijasogea, anaanza kuamini kwamba mwili wake una laana. Mwili hauna laana. Umejumlisha na kutoa, basi.

Lakini hesabu hiyohiyo inaitetea Krismasi. Ili mlo mmoja ukuongezee kilo moja ya mafuta, ingebidi ule kalori 7,700 zaidi ya zile unazotumia, na sijamwona mwenye tumbo la kubeba mzigo huo kwa mkao mmoja. Ile kilo moja au mbili inayojitokeza kwenye mizani asubuhi ya tarehe 26 kwa sehemu kubwa ni maji, pamoja na chakula ambacho bado kiko tumboni. Chumvi hushikilia maji, na wanga unaowekwa akiba kwenye ini na misuli huwekwa pamoja na maji yake. Ukirudi kula kawaida, baada ya siku chache maji hayo yameondoka.

Kinachotuangusha ni hiyo tarehe 26 yenyewe, na 27, na kiporo cha nyama, na kreti ya soda ambayo haikuisha, hadi Januari shule zinafunguliwa na mtu bado yuko Krismasi. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Wamarekani wazima 195 waliopimwa kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Ongezeko lilikuwa dogo, wastani wa kilo 0.37 tu. Ubaya wake ni kwamba ongezeko hilo halikuondoka miezi iliyofuata. Mwaka hadi mwaka, vijisehemu hivyo vya kilo ndivyo vinavyotufikisha kwa daktari.

Wapo pia watafiti waliolijaribu pumziko lenyewe. Huko Australia, wanaume wenye unene uliopindukia waliwekwa katika makundi mawili. Kundi moja lilipunguza chakula kwa wiki 16 mfululizo. Jingine lilipunguza wiki mbili, likapumzika wiki mbili, likaendelea hivyo mpaka nalo likatimiza wiki 16 za kujinyima. Matokeo yalitolewa mwaka 2017: waliopumzika walipungua kilo 14 hivi, waliofululiza kilo 9. Wapenzi wa siku ya kujiachia huushangilia utafiti huu bila kuuliza waliopumzika walikula nini. Walikula chakula cha kutosha kubaki na uzito waliokuwa nao wakati huo, kilichopimwa. Hakuna aliyeambiwa ale mpaka ashindwe kuinuka. Kupumzika na kujaza tumbo ni mambo mawili.

Jambo hili wazee wetu wa dini walilijua kabla jimu haijafika Kagera. Rubya ni nchi ya misioni. Hapa ndipo ilipo seminari aliyosoma kijana Laurean Rugambwa kabla hajawa, mwaka 1960, kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Ukitaja kufunga, mtu wa Rubya huiwaza Kwaresima kabla ya mizani. Na Kwaresima ina hesabu yake. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Wanaosema ni 40 hawakukosea, kwa kuwa Jumapili sita hazimo katika hesabu. Kila Jumapili ni kumbukumbu ya Ufufuko, na siku ya furaha haifungwi. Majirani zetu Waislamu nao, Ramadhani ikiisha, siku ya Idd kufunga ni haramu. Aliyekula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya ugonjwa au safari halaumiwi. Hulipa siku kwa siku baadaye, mambo yakaisha.

Katika mapokeo haya mawili sioni mahali ambapo mtu anaachwa afunge bila ukomo. Wala sioni mahali ambapo mwenye njaa ndiye anayepewa madaraka ya kuchagua siku ya kufungulia. Kalenda inachagua kwa niaba yake. Anakula na watu, kwa sababu inayojulikana, na kila mmoja pale mezani anajua kesho ni siku gani. Siku ya kujiachia haina lolote kati ya hayo. Jumamosi yangu nimeipanga mwenyewe, na nikitaka kuihamishia Ijumaa hakuna wa kunizuia. Ijumaa ikishakubaliwa, Alhamisi nayo inaomba.

Zamani hata ardhi ilisaidia kuweka mipaka. Senene wana misimu: mkubwa wa Novemba na Desemba, mdogo wa Aprili na Mei. Waliokotwa alfajiri kwenye nyasi, wakatolewa mbawa na miguu, wakakaangwa wakitoa mafuta yao wenyewe. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ni wadudu basi ni chakula chepesi. Karibu nusu ya uzito wa senene waliokaushwa ni mafuta, na zaidi ya theluthi ni protini. Tulikula tukashiba tukanenepa kidogo, kisha msimu ukaisha. Siku hizi taa kali na mabati huwanasa kwa magunia usiku kucha, wanakaushwa, wanafungwa kwenye pakiti, na msafiri anayepita Bukoba anaweza kuwanunua hata msimu ukiwa umekwisha. Sina ugomvi na biashara hiyo, inasomesha watoto. Ila kilichokuwa cha majuma machache sasa ni cha mwaka mzima, na ndivyo ilivyokuwa kwa nyama, soda na bia pia. Babu zetu hawakutuzidi nidhamu. Walikuwa na miezi isiyo na senene.

Si kila mpaka wa zamani ulikuwa wa haki, hilo nalisema wazi. Mwanamke wa Kihaya aliwaokota senene, akawatoa mbawa, akawakaanga, na mwiko ukamkataza kuwala. Mwiko ule umekufa na ni vema umekufa. Sikukuu ambayo mpishi wake haonji si sikukuu. Kwa hiyo ninaposema mipaka sisemi turudi kwenye miko ya zamani. Nasema kwamba msimu ukishatutoka mikononi, kila nyumba inalazimika kujiwekea wa kwake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kupunguza uzito havilitaji, kwa sababu vimeandikwa kana kwamba kila mtu anakula peke yake. Kagera, kukonda kuna historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa huu. Kabla jina la kitaalamu halijazoeleka, watu wa huku waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizovuma sokoni wakati ule. Waliokuwa watu wazima miaka hiyo walizika sana, na wakajifunza kusoma miili ya watoto wao. Shavu likibonyea, suruali ikilegea, mama hakulala. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha mengi. Jicho la waliozika halijabadilika.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Aliponiona nimepungua hakunipongeza. Baada ya kuitikia shikamoo yangu aliendelea kunishika mkono, akashusha sauti: "Mwanangu, kuna jambo hujatuambia?" Kumjibu kwamba niko kwenye dayati kungekuwa kumfanyia mzaha mtu mwenye hofu. Nikamwambia ukweli wote: sukari imepanda, daktari anataka tumbo lipungue. Ajabu ni kwamba jina la ugonjwa lilimtuliza kuliko mahubiri yoyote ya afya ambayo ningempa. Tangu siku hiyo ndiye mlinzi wangu. Mafuta anapima kwa kijiko, na ndugu akinisukumia sahani ya pili anamkemea: "Mwache, huyu ana amri ya daktari." Ningemficha, kila ziara ya nyumbani ingekuwa siku ya kujiachia niliyolazimishwa kwa upendo. Anayetaka kupungua akiwa katikati ya ndugu aanze kwa kuwaambia, na amwambie kwanza yule mwenye mwiko wa kupakulia.

Hapa msomaji wa Muleba atanidaka: sikukuu za nani unazozungumzia? Kuna ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, upadrisho, jubilei ya mtawa, kumuaga binti, harusi yenyewe, halafu msiba na siku ya kumaliza matanga. Ukizikubali zote, siku ya kawaida utaipata lini? Ni swali la haki, na linakuwa gumu zaidi ukikumbuka michango. Umekaa kwenye kamati, umetoa fedha, kadi imeandikwa watu wawili, moyoni unaona ng'ombe yule ana paja lako. Nimewaona watu wazima wakirudi kwenye foleni ya chakula wakiwa wameshiba, wanafuata mchango wao. Mchango wa harusi ni heshima kwa ndugu. Haudaiwi kwa pilau.

Mimi nimetenganisha hivi. Sikukuu yangu ni ile ambayo nikikosekana mezani watu watauliza niko wapi: Krismasi, Pasaka, harusi ya mtoto wa ndugu yangu wa damu, jubilei ya wazazi. Hapo nakula kama watu wanavyokula, senene na nyama, na rubisi yetu ya ndizi kidogo, bila kuhesabu na bila kuomba radhi. Kwingine kote mimi ni mgeni, na mgeni katika nyumba ya Kihaya ana njia ya kupokea heshima isiyopitia kwenye sahani. Anapewa kahawa ya kutafuna. Buni chache zilizochemshwa na kukaushwa huwekwa kiganjani, unazitia kinywani, mazungumzo yanaanza. Aliyepokea kahawa ameupokea ukarimu wa nyumba. Nikishaitafuna na kula sahani moja ya kawaida, hakuna wa kusema nimemdharau mtu.

Hoja iliyonishawishi kuliko zote, hata hivyo, inahusu zile siku nyingine sita. Mtu anayeingojea Jumamosi tangu Jumatatu anatuambia nini kuhusu chakula chake cha katikati ya wiki? Mara nyingi anatuambia kwamba ana njaa. Amefuata dayati ya mtandaoni ya supu ya kabichi na mayai mawili, na mwili wake unamdai. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtaalamu Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea chakula nusu kwa miezi sita ili kujua jinsi ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Vijana wale, ambao walianza wakiwa na afya njema, walianza kuota vyakula na kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado hawakuhisi kushiba. Hawakuwa walafi. Ndivyo mwili unavyojibu ukinyimwa kupita kiasi, na ndiyo maana siku ya kujiachia ya mtu mwenye njaa ya siku sita haiwezi kuwa na kiasi hata akiahidi.

Rubya haina haja ya kabichi hiyo. Gramu 100 za ndizi zilizochemshwa ni kalori 120 hivi. Kando yake kuna maharage, dagaa na sato kutoka ziwani, mchicha, njugu mawe. Chakula cha kawaida cha nyumba ya Kihaya hakina ubaya wowote. Ubaya ni mlima wa sahani, mafuta yanayomiminwa toka kwenye dumu, chai ya vijiko vinne vya sukari, na soda inayofunguliwa kwa kila mgeni anayebisha hodi. Nimepunguza ndizi nikaongeza maharage na mboga, chai nakunywa bila sukari, soda nimeiachia sikukuu. Chakula hiki hakinifanyi nitamani kukitoroka, na naweza kukila mpaka nitakapozeeka. Dayati ambayo mtu hawezi kuivumilia bila siku ya kuivunja ina kasoro yenyewe, na kuivunja mara moja kwa wiki hakuitibu.

Wapo ambao hata sikukuu yangu haiwafai kama ilivyo. Anayechoma insulini au kumeza dawa za kushusha sukari asibadili ghafla ulaji wake, wa kujinyima wala wa kujiachia, kabla ya kuzungumza na mtaalamu. Watu wa Muleba wana Hospitali ya Rubya, ya Jimbo Katoliki la Bukoba, iliyohudumia kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya, na vituo vya afya viko karibu zaidi. Na yule ambaye akianza kula hawezi kuacha, anayekula kwa kujificha kisha anajitapisha au kujiadhibu kwa njaa, huo ni ugonjwa unaotibika. Siku ya kujiachia kwake ni hatari, na anahitaji msaada kabla ya kuhitaji mizani.

Sisi wengine tuyaweke mambo mahali pake. Kula Krismasi na watu wako, na usimkatalie shangazi senene aliowakaanga kwa ajili yako. Tarehe 26 kunywa chai bila sukari, gawa kiporo kwa majirani, tembea kwa miguu kwenda kusalimia, na usipande mizani mpaka wiki iishe. Baada ya hapo Jumamosi ikija, ipikie ndizi na maharage kama siku nyingine.